Kitundu mbele ya sikio kinachovimba na kutoa usaha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi wenzangu, mashemeji, majirani na watu wazima wenye vitundu vyao wananiuliza kila mara tangu mwanangu wa pili apitie haya mambo. Mimi sio daktari. Ni mama, mwenyewe ninacho kimoja sikio la kulia na hakijawahi kunisumbua hata siku moja, ila kijana wangu anavyo pande zote mbili na cha kushoto kilitutesa miaka miwili kabla hatujapata mtu wa kutuambia ni kitu gani. Niliyoandika hapa nimeyapata kwa madaktari waliomtibu na kwa kusoma. Nimeweka namba ili nisirudie rudie, nikisema rudi swali fulani basi rudi.

## Kukifahamu kwanza

1. Hiki kitundu ni nini hasa?

Ni kitundu kidogo sana, kama mtu kachoma na pini, kinakaa mbele ya sikio pale ukingo wa juu wa sikio unaposhuka na kukutana na uso, usawa wa sharafa kwa wanaume. Mtoto anazaliwa nacho. Wengi wanadhani ni ngozi imebonyea tu lakini sio, ule ni mlango, ndani kuna njia nyembamba kama kimfereji ambacho mwisho wake umeziba, inaweza kuwa fupi milimita chache na inaweza kuwa ndefu yenye matawi matawi, na mara nyingi imejishika kwenye gegedu la sikio (ule mfupa laini unaoushika ukikunja sikio).

Hiyo njia imetandikwa ngozi ya kawaida kama ya nje, na ngozi yoyote inabanduka, sasa ya nje ukioga inaondoka, ya mle ndani haina pa kwenda. Ndio maana siku nyingine unaona kinatoa kitu cheupe kizito chenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Huo sio usaha, ni ngozi iliyokufa. Kwa kitaalamu kinaitwa sainasi ya priorikula, na madaktari wamekiandika tangu 1864, kwahiyo sio ugonjwa mpya wala sio wa ajabu.

2. Kimetokana na nini? Kuna kitu nilikula au nilifanya nikiwa mjamzito?

Hapana mama, hapana. Swali hili ndilo linaloniumiza zaidi kwasababu anayeuliza mara nyingi ameshaambiwa maneno na mtu.

Mimba ikiwa na wiki kama 6 hivi sikio la nje linaanza kama vinundu 6 vidogo, na hivyo vinundu vinakua vinasogeleana vinaungana mpaka linatokea sikio lenye mikunjo yake. Kama sehemu fulani haikuungana sawasawa, au ngozi kidogo ilibaki imenaswa katikati, panabaki njia. Ni kama fundi cherehani aruke nyuzi mbili tatu kwenye mshono, nguo imekamilika ila pale pana upenyo. Wiki ya 6 wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Sio uchawi, sio jicho la mtu, sio kwamba ulishika sindano au mkasi wakati wa kupatwa kwa mwezi.

3. Ni wengi wanacho au ni mwanangu tu?

Wengi mno. Marekani ni kati ya asilimia 0.1 na 0.9 ya watu, Uingereza kama asilimia 0.9, Taiwan asilimia 1.6 mpaka 2.5, na baadhi ya sehemu za Afrika zimepimwa zikakutwa na asilimia 4 mpaka 10. Yaani sehemu kama hizo darasa la watoto 50 usishangae kukuta wawili au hata watano wanacho. Tatizo letu halijawahi kuwa uchache wa watu wenye kitundu, tatizo ni kwamba kikivimba hakuna anayekumbuka kukitafuta, hilo nalieleza swali la 9.

4. Kinarithiwa?

Mara nyingi kwenye familia ndio, hasa kikiwa pande zote mbili. Mzazi mwenye nacho anaweza kumpa mtoto, ila kuna watu wanaobeba urithi huo bila kitundu kuonekana kwao, ndio maana unaweza kukuta bibi anacho, mama hana, mjukuu anacho. Wengine wanapata bila mtu yeyote kwenye ukoo. Kikiwa upande mmoja, ambavyo ndivyo ilivyo kwa zaidi ya nusu ya watu, kulia ndio kunaongoza.

Nikapiga simu nyumbani kuulizia, kumbe mjomba wangu anacho na alishawahi kupasuliwa jipu hapo hapo akiwa kijana, na hakuna aliyewahi kuunganisha hayo mawili.

5. Nimesoma kwamba ni mabaki ya matamvua ya samaki, kweli?

Watu wanaisambaza sana. Sehemu zinazotengeneza sikio letu zinatoka kwenye matao ya shingo ya mimba changa, na matao ya namna hiyo ndiyo kwa samaki yanayokuwa matamvua, hapo ndipo habari ilipoanzia. Lakini kitundu chenyewe ni kasoro ya kuungana kwa sikio, kama nilivyosema swali la 2. Mwanao hana tamvua.

## Mtoto amezaliwa nacho

6. Nimekigundua leo wakati namuogesha, nikimbie hospitali?

Usikimbie. Kama ni kikavu, hakina wekundu, hakimuumi, kiache kama kilivyo. Kitundu kisichosumbua hakitibiwi na hakizibwi, na watu wengi wanazeeka nacho bila shida yoyote. Siku ya kliniki mwonyeshe nesi au daktari, mwambie aandike kwenye kadi ya mtoto kwamba ana kitundu mbele ya sikio na ni upande gani, maana siku kikivimba ule uvimbe unakifunika kabisa na anayemtibu anaweza asijue kama kilikuwepo.

Na tafadhali usimruhusu mtu akiingize kijiti, sindano au pamba eti kuona kina mwisho wapi.

7. Kina uhusiano na kusikia, au na figo?

Kitundu chenyewe hakiungani na tundu la kusikilizia, hivyo chenyewe hakimfanyi mtu kiziwi. Ila sikio la nje linatengenezwa kipindi ambacho na vitu vingine vingi vinatengenezwa, kwahiyo madaktari wengi wanashauri mtoto mwenye nacho apimwe usikivu mapema, hata kama anaonekana anasikia vizuri. Kipimo hakiumi.

Kuhusu figo, kuna hali ya kurithi inaitwa sindromu ya brankio-oto-rinali, inapata kama mtu 1 kwa kila 40,000, inakusanya vitundu mbele ya masikio, vitundu au uvimbe pembeni mwa shingo, kusikia hafifu na kasoro za figo. Sasa usije ukaogopa kwamba kila kitundu ni hiyo. Wenye kitundu peke yake hawahitaji kupimwa figo kwa kawaida. Wanaopaswa kufanyiwa altrasaundi ya figo ni wale ambao pamoja na kitundu wana kasoro nyingine ya kuzaliwa, au kuna viziwi kwenye ukoo, au mama alikuwa na kisukari kwenye mimba. Angalia shingo ya mtoto pande zote mbili, ukikuta kitundu kingine huko kinatoa majimaji, mwambie daktari siku hiyo hiyo, usisubiri.

## Kikianza kuvimba

8. Nitajuaje kama kimepata maambukizi?

Mwanzo kinawasha au kinauma ukikigusa, ngozi pembeni inakuwa nyekundu au kwa sisi weusi inakuwa nyeusi zaidi na inang'aa, inakuwa ya moto. Baadae panavimba, mtoto anakataa kulalia upande huo, anaweza kuwa na homa. Kile kitu cheupe kinabadilika kinakuwa cha njano au kijani, wakati mwingine na damu. Ikiendelea linakuwa jipu kabisa.

Kinachosababisha ni ile ngozi iliyokufa kuziba njia halafu vijidudu wanazaliana nyuma yake. Anayekutwa mara nyingi zaidi ni stafilokokasi, yule yule wa majipu, anayeishi kwenye ngozi na puani kwa watu wengi. Kwahiyo sio kwamba umemlea mtoto kwa uchafu.

9. Mbona tumeambiwa ni chunusi, mara jipu la kawaida, mara TB ya tezi?

Hapa ndipo ninapotaka msome taratibu kwasababu ndipo tulipopoteza miaka miwili.

Njia ya ndani inaweza kuelekea mbele kuja shavuni, au kushuka chini kidogo, kwahiyo jipu linatokea sentimita moja au mbili mbali na kitundu. Wewe unaona kidonda shavuni. Tabibu anaona kidonda shavuni. Anatibu kidonda cha shavuni, kinakauka, baada ya miezi miwili kinarudi pale pale. Kijana wangu alitibiwa chunusi, akatibiwa jipu mara nne, kuna zahanati walimpasua mara mbili, na mwisho tukaambiwa pengine ni TB ya tezi aanze kuchunguzwa. Siku tuliyofika kwa daktari wa masikio, pua na koo alimgeuza kichwa, akasogeza nywele, akasema "mama, umeshawahi kukiona hiki kitundu?" Nilikiona tangu siku ya kwanza, ninacho hata mimi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kama ni cha kusema.

Basi kanuni ni hii: jipu, kidonda au uvimbe wowote unaorudi rudi mahali pamoja mbele ya sikio au juu ya shavu karibu na sikio, tafuta kitundu. Washa tochi ya simu, vuta sikio nyuma kidogo, tazama pale nilipoeleza swali la 1. Halafu tazama na sikio la pili, maana kikiwa kimefunikwa na uvimbe huku unaweza kukikuta cha upande wa pili kikakupa jibu.

Kuna vingine vinavyofanana navyo. Matubwitubwi, wengine wanaita perema, yanavimbisha shavu kuelekea chini ya sikio, mtoto anaumia akitafuna, na hakuna usaha unaotoka kwenye ngozi. TB ya tezi mara nyingi inakuja polepole na haina moto wala maumivu makali mwanzoni, ingawa mtu anaweza kuwa na kitundu na TB vyote, ndio maana wakisema wapime usikatae. Uvimbe wa mafuta unateleza chini ya ngozi. Na uvimbe wa NYUMA ya sikio unaolisukuma sikio mbele, hasa kwa mtoto ambaye sikio limekuwa likitoa usaha ndani, ni jambo jingine kabisa na ni la hatari, nenda swali la 13.

10. Naweza kukikamua mwenyewe?

Usikikamue. Najua inavutia, najua kuna shangazi atakwambia uchafu ukitoka kitapona. Ukikamua unatoa kidogo kwa nje na kingine unakisukuma ndani kwenye matawi, njia inapasuka chini ya ngozi, maambukizi yanasambaa, na mwisho wa siku yale makovu ya ndani ndiyo yanayomfanya mpasuaji ashindwe kujua njia inaishia wapi. Kukikamua leo ni kumpa kazi ngumu daktari wa mwakani.

Vilevile usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya breki, kitunguu saumu kilichopondwa (kinaunguza ngozi ya mtoto kweli kweli, nimeiona), wala usimimine spiriti au haidrojeni peroksaidi ndani ya kitundu. Kukanda na kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, dakika kumi mara tatu nne kwa siku, hiyo ruksa, na paracetamol kwa kipimo cha umri au uzito wake kwa maumivu na homa. Hivyo vinapunguza maumivu tu wakati unajiandaa kwenda kituo cha afya, havitibu.

11. Nimepewa dawa ya matone ya sikio, itasaidia?

Kwa maambukizi haya hapana. Matone yanaingia tundu la kusikilizia, na nimeshasema kitundu hakiungani na huko. Kama daktari kaona na ndani ya sikio kuna shida hiyo ni sawa, muulize anatibu kipi.

12. Dawa zake ni zipi, na mbona akimaliza dozi kinarudi?

Ni antibayotiki za kumeza zinazompata stafilokokasi, kama flukloksasilini, kloksasilini, sefaleksini, au ile amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti. Amoksilini ya peke yake, ile ambayo kila duka la dawa wanakupa kabla hujamaliza sentensi, mara nyingi haimuwezi huyu mdudu kwasababu ana uwezo wa kuivunja. Dozi inapangwa kwa uzito wa mtoto, kawaida siku 5 mpaka 7, zikihitajika zaidi daktari ataongeza. Sema kabla kama mtoto ana mzio wa penisilini. Kama usaha upo, omba upelekwe maabara wakauoteshe waone mdudu gani na dawa gani inamuua, hasa kama hii ni mara ya pili au ya tatu, maana siku hizi kuna stafilokokasi sugu.

Na ukinunua vidonge nusu dozi kwasababu uvimbe umepungua siku ya tatu, unajitengenezea usugu mwenyewe. Maliza.

Kuhusu kurudi: dawa inaua vijidudu, haiondoi njia. Njia ikiwepo, ngozi itaendelea kubanduka mle ndani, na kitundu ambacho kimeshaugua mara moja kina tabia ya kuugua tena. Sio kwamba dawa ilikuwa feki.

13. Lini nisisubiri kesho?

Nenda usiku huo huo kama: mtoto ana umri chini ya miezi 3 na ana homa; uvimbe unasambaa kuja jichoni au kushuka shingoni; homa iko juu na mtoto amelegea au hataki kunyonya; mdomo umepinda au jicho halifungi upande huo; shingo imekakamaa; uvimbe uko nyuma ya sikio na sikio limesukumwa mbele. Hapo anaweza kuhitaji dawa za mshipa na kulazwa.

14. Jipu limeiva na wanataka kulipasua, nikubali?

Usaha uliojikusanya unapaswa kutoka, dawa za kumeza peke yake hazitoshi kwenye jipu. Ila namna ya kuutoa ndiyo yenye maneno. Madaktari wengi siku hizi wanapendelea kuunyonya kwa sindano kwanza, au kupitisha kijichuma chembamba butu kwenye kitundu chenyewe ili usaha upite mlango wake, kwasababu mpasuo mkubwa juu ya jipu unaacha kovu na unavuruga njia. Pale ambapo sindano haiwezi, watapasua, na mpasuo mdogo uliofanywa vizuri ni bora kuliko jipu kupasuka lenyewe.

Wewe unachoweza kufanya ni kusema sentensi moja kabla ya kisu: "Ana kitundu cha kuzaliwa hapa, mnaweza kuutoa kwa sindano?" Natamani ningeijua sentensi hii kabla ya kovu la kwanza la mwanangu.

## Upasuaji wa kuondoa kabisa

15. Ni lazima apasuliwe?

Kama hakijawahi kuugua, hapana. Kama kimeugua mara moja kikapona, madaktari wanatofautiana, wapo wanaosema kiondolewe na wapo wanaosema tusubiri tuone. Kama kimeugua mara mbili au zaidi, au kinatoa usaha mfululizo, wengi wanakubaliana kiondolewe. Maoni yangu mimi kama mzazi, baada ya yaliyotupata, ni kwamba mara ya pili ikitokea usianze kuhesabu ya tatu.

16. Kwanini wanatuambia tusubiri wiki kadhaa, si wakitoe sasa hivi?

Nyama yenye maambukizi imevimba, inavuja damu, kila kitu kinafanana rangi, na mpasuaji hawezi kuona vizuri njia imeishia wapi. Kawaida wanatuliza kwanza, halafu wanasubiri mpaka uvimbe uishe kabisa, sisi tulisubiri wiki sita. Kuna wenye maambukizi yasiyotulia kabisa ambao inabidi wafanyiwe hivyo hivyo, hiyo ni hukumu ya daktari bingwa.

17. Wanafanyaje, na kwanini kuna watu kimerudi baada ya upasuaji?

Mtoto anapewa nusu kaputi, mtu mzima anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya pale pale. Kinachotakiwa ni kuitoa njia nzima pamoja na matawi yake yote, ngozi yote ya ndani, bila kuacha hata kipande. Kikibaki kipande kidogo, kile kipande kinaendelea kubandua ngozi, na hadithi inaanza upya.

Ndio maana matokeo yanatofautiana mno: taarifa za kitabibu zinaonyesha kurudi kwa asilimia 0 kwa wengine mpaka zaidi ya 40 kwa wengine, na tofauti kubwa ni njia iliyotumika na mkono wa anayepasua. Namna ya zamani ni kukata duara kuzunguka kitundu na kuifuata njia kwa kubahatisha. Namna nyingine, inayopata matokeo mazuri zaidi, inarefusha mpasuo kwenda juu ya sikio, wanafika kwenye utando unaofunika msuli wa panja halafu wanaondoa nyama yote iliyo kati ya hapo na gegedu la sikio, pamoja na kipande kidogo cha gegedu lenyewe pale njia ilipojishika. Wengine wanaingiza rangi ya bluu ya methilini kitunduni ili matawi yaonekane, wengine wanatumia kijichuma, wengine wanatumia hadubini.

Muulize daktari wako bila woga: unatumia njia gani, utaondoa na gegedu kidogo, umeshafanya wangapi. Daktari mzuri hakasiriki. Wa kwetu alinichorea kwenye nyuma ya karatasi ya vipimo.

18. Nimeambiwa uso unaweza kupooza!

Mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita jirani, ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Habari njema ni kwamba njia ya kitundu cha kawaida kwa kawaida inakaa juu na nje ya mshipa huo, kwahiyo kuumizwa kwake ni nadra. Hatari inapanda kama kitundu sio cha aina hii bali ni kile cha swali la 21, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda kwa mtu wa masikio, pua na koo na sio kwa yeyote mwenye kisu.

19. Baada ya upasuaji ni vipi, na makovu?

Kijana wangu alitoka amefungwa bandeji kichwa kizima kama kilemba, hiyo inabana ili damu isijikusanye chini ya ngozi. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Nyuzi zinatolewa kama baada ya wiki, nyingine zinayeyuka zenyewe. Usilowanishe mpaka uruhusiwe, dawa amalize, kichwa kiinuliwe na mto usiku wa kwanza kwanza. Ngozi ya pale inaweza kuwa na ganzi wiki kadhaa. Rudi haraka ukiona damu, uvimbe unaokua, usaha au homa.

Kovu linajificha vizuri mbele ya sikio. Ila kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna suala la keloidi, lile kovu linalokua likawa nene kuliko kidonda chenyewe. Kama wewe au ndugu yako mlitoga masikio yakaota vinundu, mwambie daktari KABLA, kuna sindano na mikakati ya kulizuia.

20. Wapi, na pesa?

Upasuaji wenyewe sio mkubwa, ila unahitaji bingwa wa masikio, pua na koo. Kwa Tanzania idara hizo zipo Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kenya ipo Kenyatta pale Nairobi, Uganda ipo Mulago, na hospitali kadhaa za mikoa zina bingwa au anakuja kwa ratiba. Anza na rufaa kutoka kituo chako, na ulizia bima yako mapema kama inalipia upasuaji huu, NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya. Bei sitaji kwasababu inatofautiana na hospitali na aina ya ganzi, omba makadirio yaliyoandikwa.

## Hali zisizo za kawaida

21. Kitundu cha mwanangu hakiko mbele ya sikio, kiko chini karibu na kona ya taya, na sikio linatoa majimaji.

Hii usiichukulie kama ya wengine. Inaweza kuwa kasoro ya upenyo wa kwanza wa matao ya shingo, ambayo inafunguka chini ya sikio, kwenye kona ya taya au juu shingoni, na njia yake inaweza kupita hadi kwenye tundu la kusikilizia, ikipishana na ule mshipa wa uso. Dalili kubwa ni usaha kutoka ndani ya sikio wakati ngoma ya sikio ni nzima, pamoja na kidonda kinachorudi chini ya taya. Huyu anahitaji picha, CT au MRI, kabla ya kuguswa, na mpasuaji anayeweza kuutafuta na kuulinda mshipa wa uso.

Kuna pia wale ambao kitundu kiko kwenye mkunjo wa sikio lenyewe na jipu linatokea nyuma ya sikio. Hiyo ni ndugu ya kitundu cha kawaida, ila njia inaelekea nyuma, na mpasuo unafuata huko.

22. Nina mimba na kimevimba.

Tibiwa, usikae na jipu kwa kuogopa dawa. Jamii ya penisilini na sefaleksini zimetumika kwa wajawazito miaka mingi. Epuka kujinunulia doksisaiklini na siprofloksasini. Upasuaji wa kuondoa njia unaweza kusubiri mpaka ujifungue, kutoa usaha hakusubiri.

23. Nina miaka 40, kimekaa kimya maisha yote, mbona kimeanza sasa?

Inatokea. Njia inaziba siku yoyote. Ila kwa mtu mzima anayeanza ghafla au anayeugua mfululizo, pima sukari, kwasababu kisukari ambacho hujakijua kinajitokeza hivi hivi kwa majipu.

24. Amefanyiwa upasuaji, kimerudi. Ndio basi tena?

Sio basi. Ni kipande kilichobaki, kama nilivyoeleza swali la 17. Usirudi kupasuliwa pale pale kwa njia ile ile. Beba karatasi za upasuaji wa kwanza, na jibu la maabara la nyama iliyotolewa kama lipo, tafuta bingwa mwingine kama inawezekana, mara ya pili inahitaji mpasuo mpana zaidi kwasababu makovu yameshachanganya kila kitu.

25. Kuogelea, kusuka, hereni, vipi?

Kuogelea ruhusa kama kimetulia. Kusuka ruhusa, mwambie tu msusi asivute nywele za pale wala asipake jeli mpaka kitunduni. Hereni zinakaa chini kwenye ndewe, hazihusiani. Helmeti na mkanda wa miwani vikisugua pale kila siku weka kitambaa laini. Ukioga osha juu juu na sabuni, futa, basi. Wasichana wawili wameshaniuliza kama wanaweza kuvaa kipini kwenye kile kitundu kwa kuwa kinapendeza. Jamani, msiweke.